Sura ya Sita: Wembe Ndani ya Kitabu cha Vizazi

Kitabu cha vizazi namba kumi na saba kilifika mezani saa nne asubuhi, siku mbili baada ya kuombwa, kikiwa kimelala bapa kama shati lililotoka kupigwa pasi. Sajini alikitazama kwanza kwa mbali, kama anavyotazamwa mgeni aliyevaa vizuri kupita kiasi. Vitabu vya umri ule huja vimefura, vimepinda, vinanuka ghala. Hiki kilikuwa kimenyooka.

Akaliweka hilo moyoni, akavaa miwani.

Alikuwa amestaafu polisi miaka tisa iliyopita, na cheo alichokiacha kituoni ndicho watu walichokifanya jina lake. Siku hizi hakimbizi wezi. Anatafuta mababu. Watu humjia na jina moja la bibi na picha iliyoliwa na mende, naye huingia chumba cha kusomea cha hifadhi ya nyaraka na lenzi yake, daftari lake, na penseli tatu zilizochongwa, maana wino humo ni marufuku. Wiki ya tatu akitoka, anatoka na ukoo mzima, pamoja na wajomba ambao hakuna aliyewataka. Raha ya kazi ile hakuifananisha na kitu. Unafunua karatasi, unakuta watu waliokufa zamani bado wanaoana, wanagombana, wanadanganya umri wao mbele ya karani. "Ni umbea," alipenda kusema, "ila huu una mihuri ya serikali."

Safari hii hakukuwa na raha nyingi. Aliyemtuma alikuwa Mshonaji, mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye kibanda cha cherehani nyuma ya kituo cha mafuta. Ukoo wao ulikuwa unajiandaa kukutana, na yeye alipewa kazi ya kutarizi mti wa ukoo kwenye kitambaa kikubwa cha kutundika ukutani. Akatarizi mababu, akatarizi baba yake, dereva wa malori aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Alipofika kwa mama yake akaambiwa amwekee alama ya marehemu. Sindano ikagoma.

"Nimeambiwa alikufa siku ya tatu baada ya kunizaa," alimwambia Sajini. "Sijawahi kuonyeshwa kaburi. Wala cheti, wala picha. Nitafutie, mama. Kama amekufa, nijue kalala wapi. Na kama hajakufa..." Hapo akaukata uzi kwa meno.

Kwa wiki tatu Sajini alikuwa amepekua madaftari ya makaburi na ya hospitali, asimwone marehemu huyo popote. Kilichobaki kilikuwa hiki kitabu namba kumi na saba, cha mwezi aliozaliwa Mshonaji. Kila mtoto humo aliandikiwa safu sita, na ya mwisho ndiyo aliyoitaka Sajini: safu ya mtoa taarifa, yaani mtu aliyefika mwenyewe dirishani kumwandikisha mtoto na kutia saini.

Akafunua. Mtoto wa mia mbili na tisa. Wa mia mbili na kumi. Wa mia mbili na kumi na moja.

Wa mia mbili na kumi na sita.

Akarudi nyuma, akahesabu tena kwa ncha ya penseli. Kila karatasi ilibeba watoto wanne, wawili mbele na wawili nyuma. Karatasi moja haikuwepo. Watoto wanne walikuwa wameondoka pamoja.

"Afande, mbona umekunja uso kama umeonja ndimu?" Karani wa mapokezi aliuliza kutoka kwenye meza yake. Alikuwa binti mchangamfu aliyehamishiwa pale miezi sita iliyopita, na tayari alijua nani kaachana na nani katika jengo zima.

"Kuna karatasi imekatwa."

"Wee!"

Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Jalada. Huyu ndiye aliyeshona na kukarabati vitabu vyote vya hifadhi, mzee mwembamba mwenye aproni na vidole vyeupe kwa gundi. Kwa Sajini alikuwa zaidi ya fundi. Miaka ishirini walikuwa wakinywa chai pamoja saa nne na nusu, tangu enzi alipokuja kutafuta ushahidi wa kesi. Ni Jalada aliyemfundisha kutambua mwandiko wa mtu kwa mkia wa herufi, na kusoma wino uliokwisha kufifia. Jumamosi iliyopita alikuwa amemweleza habari yote ya Mshonaji, mpaka namba ya kitabu anachokwenda kukiomba.

"Hebu nione," Jalada alisema, akainama. "Ah. Hii ni ya siku nyingi, dada. Zamani watu walikuwa wanakata wanavyotaka, nani alikuwa anawalinda?"

"Siku nyingi wapi, babu!" Karani akadakia. "Jumatatu si alikuja bibi mmoja hapa, kavaa amependeza, mkono kwenye mkoba, hataki hata kunitazama usoni? Nikajisemea, huyu ana lake."

"Wewe kazi yako ni vitabu au ni watu?" Jalada alimkata.

"Vitabu haviniambii kitu."

Sajini alikuwa ameshasimama. Akaenda kwenye daftari la wageni, akashusha kidole mpaka Jumatatu. Jina alilolikuta alilijua. Alikuwa Shangazi, dada wa yule dereva, mwanamke aliyemlea Mshonaji tangu utotoni. Kwenye safu ya sababu ya kuja ameandika: kutafuta habari. Ameingia saa tatu na dakika kumi, ametoka saa tatu na dakika ishirini na tano.

"Chai yako itapoa, dada," Jalada alisema.

"Ninywee na ya kwangu," Sajini akajibu, akachukua mkoba.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa imejaa wanawake wa ukoo wakipanga nani atakaa na nani siku ya kukutana. Palikuwa na kicheko, vikombe, na mabishano kuhusu viti. Sajini aliipenda nyumba ya namna ile, na siku nyingine angevua viatu akajitia kwenye mabishano. Shangazi alipomwona mlangoni, akawaambia wenzake wahamie uani.

"Karibu. Nimesikia unamtafuta wifi yangu," alisema, akakaa wima.

"Namtafuta. Ananikimbia sana kwa mtu aliyekufa."

"Alikufa siku ya tatu. Nilimfumba macho kwa mikono hii."

"Alizikwa wapi?"

"Kwao."

"Kwao ni wapi?"

"Mbali." Shangazi aliinua kikombe, na mikono yote miwili ikatetemeka hadi sahani ikalia. Akakirudisha bila kunywa. "Wanasema ni mishipa. Mwaka wa tatu huu. Hata kufunga vifungo nasaidiwa."

"Jumatatu ulikwenda hifadhi ya nyaraka."

"Mtu haruhusiwi?"

"Umekata karatasi kwenye kitabu."

Shangazi akacheka, kicheko cha kweli kabisa, akanyoosha ile mikono mbele ya uso wa Sajini. Vidole vilicheza kama majani. "Kwa hii? Mwanangu, mimi hata embe nakatiwa."

Lile lilikuwa jambo la kwanza la kumtoa Shangazi mashakani. La pili Sajini alilipata barabarani, akingoja magari yapite. Dakika kumi na tano. Pale hifadhi, kitabu kikiombwa, dakika kumi na tano hazitoshi hata kumwamsha mtu wa ghala. Hiki alikisubiri yeye siku mbili. Shangazi hakuwa amekigusa kabisa. Basi kwa dakika kumi na tano alikuwa amekwenda kuonana na mtu.

Akageuza njia.

Karani alikuwa anakula karanga chini ya meza. Sajini hakumsemesha. Alikifungua kitabu mahali palepale, akainama mpaka pua ikagusa mkunjo, akatazama kwa lenzi.

Vitabu vile havikubandikwa kwa gundi, vilishonwa. Karatasi pana inakunjwa katikati, inapitishwa uzi kwenye mkunjo, na hivyo kila karatasi unayoifunua upande huu ina pacha wake upande wa pili, kurasa kadhaa mbele. Wameshikana mgongoni. Ukimkata mmoja kwenye mkunjo kabisa, pacha wake anabaki hana kinachomshika, naye siku yoyote atadondoka. Sajini akahesabu karatasi, akamfikia pacha. Akamvuta kidogo kwa kucha.

Hakudondoka. Alikuwa imara. Kwenye mgongo wake kulikuwa na utepe mwembamba wa karatasi laini, umebandikwa kwa unyoofu usio na mfano, mweupe katikati ya kurasa zilizogeuka rangi ya chai.

Akaushusha uso wake, akaliweka shavu kwenye ule utepe. Hili nalo alifundishwa: vidole hudanganya, shavu halidanganyi. Karatasi kavu haina joto wala baridi. Yenye maji ndani yake ni baridi.

Ilikuwa baridi.

"Afande, unalala?" Karani aliuliza.

"Nimeamka," Sajini akasema. "Nimechelewa tu."

Chumba cha Jalada kilinuka uji, ile gundi ya unga aliyoipika mwenyewe. Alikuwa kwenye benchi lake chini ya dirisha, anapitisha uzi kwenye nta. Vikombe viwili vya chai vilikuwa mezani, kimoja kimejaa bado, kimefunikwa kisosi.

"Nimekutunzia," alisema.

"Kaka, nina swali la kitaalamu."

"Uliza. Mimi si ndiye mwalimu wako?"

"Mwizi akikata karatasi kwenye mkunjo, pacha wake anakuwaje?"

Uzi ukasimama kwenye nta.

"Anabaki hana mshikizi," Jalada alisema polepole. "Atatoka."

"Na mwizi anajali?"

Jalada akaiweka nta kwenye benchi.

"Hajali. Anakunja alichoiba anaondoka zake. Lakini huyu wetu alikaa chini. Akapika gundi, akakata utepe, akamrudisha pacha mahali pake, kisha akakibana kitabu mpaka kikanyooka. Nimekamata wezi miaka thelathini, kaka. Sijawahi kumkamata mwizi anayekionea huruma alichokiibia."

Mzee akaukunja ule uzi, akauweka kando.

"Nisingeweza kuiacha inaning'inia," alisema. "Ingepotea. Kuna watoto wanne wengine kwenye ile."

"Iko wapi?"

Akainuka, akazungusha mkono wa kibano cha kukandamizia vitabu. Katikati ya mbao mbili, juu ya kitambaa safi, ilikuwa imelala karatasi ile, nzima, haina hata mkunjo.

"Umeitunza," Sajini alisema.

"Mimi karatasi siitupi."

"Watu ndio unaowatupa."

Akaisoma amesimama. Mtoto wa mia mbili na kumi na tatu, wa kike. Baba: dereva, marehemu. Mama: jina kamili, umri miaka ishirini na mbili. Mtoa taarifa: mama mwenyewe. Na saini, herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, tarehe ya siku ya tisa baada ya kuzaa. Maiti haiendi dirishani kutia saini. Mshonaji alikuwa amedanganywa.

Lakini pembeni, kwa wino mwingine, mtu aliongeza mstari mmoja miezi kumi na minane baadaye: Mtoto amefariki. Homa. Kisha saini ndogo ya karani, yenye mkia uliozunguka nyuma ukajikata wenyewe. Mkia ule Sajini aliujua. Ulikuwa kwenye kadi aliyoletewa na Jalada siku aliyostaafu.

"Ulikuwa karani wa vizazi," alisema. "Miaka yote hii hukuniambia."

"Nilikuwa na miaka ishirini, dada. Mama yule aliugua kifua, akapelekwa hospitali ya mbali, akamwacha mtoto kwa wifi yake. Mwaka na nusu. Wifi yake hakuwa na mtoto. Akamzoea. Siku ikaja habari kwamba mwenyewe anapona, anarudi. Akanijia dirishani analia. Akasema mstari mmoja tu. Akasema mama akishauona umeandikwa, ataamini mtoto amekufa."

"Na wewe ukaandika kwa nini?"

Jalada akatabasamu kidogo kwa aibu. "Nilitaka kumwoa."

"Ukamwoa?"

"Akaolewa na mwenye duka la viatu."

Siku nyingine Sajini angecheka mpaka ashike mbavu. Akavuta kiti, hakukaa. "Mama alirudi?"

"Alirudi. Alikuta wamehama. Akaja dirishani kwangu kuuliza, nami nikamfungulia kitabu, nikamwonyesha huo mstari. Akausoma kwa kidole." Alijifuta mikono kwenye aproni, tena na tena. "Anakuja kila mwaka, siku aliyojifungua. Anaomba kitabu namba kumi na saba, anaufungua ukurasa, anakaa nao saa moja, anashukuru, anaondoka. Hana kaburi la kwenda. Ana huu tu."

"Na nani humletea kitabu?"

Mzee akakisogeza kisosi.

"Jalada. Nani humletea?"

"Mimi."

Hapo ndipo Sajini alipokaa. Alikuwa amemwona. Mwanamke mwenye mwavuli wa kijani, mpole, anayekaa meza ya dirishani na hafungui daftari. Mwaka mmoja aliwahi kumwazima lenzi. Walisalimiana, wakaongea habari za mvua, na Jalada akapita kati yao amebeba kitabu kwa mikono miwili, akawaambia, "Someni, akina dada, someni."

"Wiki hii nilimpigia simu," Jalada alisema, kama mtu aliyeamua kumwaga yote. "Namba anaiandika kwenye fomu. Nikamwambia kitabu kimeharibika, asijisumbue tena. Wifi yake alinijia Jumatatu, akasema binti anachimba. Nami nilishajua kutoka kwako. Niliogopa saini yangu. Nina miezi minne nistaafu."

"Nilikuambia kwa sababu nilidhani naongea na kaka yangu."

"Ni kaka yako."

"Ulinisikiliza Jumamosi, ukanimiminia chai ya pili, ukaniambia mwanamke huyo anastahili kujua. Maneno yako hayo." Akaiweka karatasi ndani ya bahasha ngumu. "Niandikie ile namba. Kisha utakwenda kwa mkuu wa hifadhi mwenyewe, leo, au nitakupeleka. Chagua."

"Kwa hiyo unaniuza, dada? Miaka ishirini ya chai?"

"Aliyetangulia sokoni ni nani?"

Jalada akaiandika namba. Alikuwa anaikumbuka kwa kichwa. Akavua aproni, akaikunja vizuri mara nne, akatoka kuelekea ngazi. Sajini alibaki mpaka aliposikia mlango wa mkuu umefunguliwa na kufungwa. Chai yake hakuigusa.

Mshonaji aliisoma karatasi bila kuishika, mikono nyuma, kama inaunguza. Alipomaliza hakuuliza kwanza habari za mama yake.

"Shangazi alijua?"

"Alijua."

"Siku zote?"

"Tangu mwanzo, mwanangu."

"Kila jioni alinikalisha nimwombee mama yangu marehemu," Mshonaji alisema. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Nikimaliza anaitikia amina. Kila jioni, Mama Sajini. Amina, kwa sauti."

Sajini alivuta kiti karibu na cherehani. Alitoa simu, akapiga ile namba, akaweka spika, akailaza juu ya cherehani. Ililia mara tano.

"Haloo?"

"Shikamoo, mama. Nimepata namba yako hifadhi ya nyaraka."

"Marahaba. Kuhusu kitabu? Nimeshaambiwa kimeharibika, haina neno. Yule kaka wa pale amenipigia mwenyewe. Mtu mwema sana yule, kila mwaka ananipokea. Mfikishie salamu."

Sajini akaisogeza simu upande wa Mshonaji. Mshonaji akainama juu ya simu.

"Mama."

"Nani mwenzangu?"

"Mama, mimi sikufa."

Upande wa pili kitu cha bati kilianguka, kikabingirika, kikatulia.

"Rudia."

"Sikufa. Niko hapa. Nashona nguo."

"Waliniambia homa," ile sauti ikasema. "Niliona imeandikwa."

"Mimi waliniambia ni wewe."

Pumzi tu zikasikika, huku na kule, za watu wawili wanaosikilizana.

"Usikate," mama akasema. "Sina la kusema bado. Lakini usikate."

Mshonaji akazima spika, akaweka simu sikioni, akakaa chini sakafuni penye vipande vya vitambaa. Sajini akatoka taratibu, akafunga mlango, akasimama mbele yake kama enzi za lindo. Muda si mrefu akaja mteja, mwanamke mwenye gauni begani na haraka usoni.

"Fundi yupo?"

"Yupo. Rudi kesho, dada. Ana mgeni."

Mteja akachungulia dirishani. "Mgeni gani? Mbona yuko peke yake? Mimi simwoni mtu."

"Hata yeye hajamwona bado," Sajini akasema.